Nafasi ya Vidole Vitatu

Kwanza mkuyu. Si mbao ya kifahari.
Mwerezi huja kwa merikebu na kwenda kwa makuhani;
sisi hapa Ipu twachonga tulichonacho,
mapande yenye vifundo na njia za mchwa.
Penye ufa Nesmini hujaza udongo,
hupiga lipu ya chokaa juu yake, kisha hunyamaza.
Chokaa ina adabu. Haisemi kilichomo.

Halafu huitwa mimi.
Mimi mpaka rangi, na mpaka wangu ni huu ubao:
kijani usoni, maana Osiri alikufa akaota tena kama shayiri;
nyekundu mikanda ya sanda;
buluu ya kusaga, shaba na mchanga vilivyochomwa pamoja,
ambayo Padiusiri huipima kwa kijiko akinitazama vidole;
na manjano pale wenye mali wanapotaka dhahabu.
Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Tunawachonga kabla watu hawajafa.
Leo wako thelathini ukutani, Osiri thelathini,
ndevu zimepinda, manyoya mawili kichwani,
wamefungwa miguu, hawana pa kukimbilia.
Kifuani hadi nyayoni mstari mmoja unashuka:
mikate elfu, bia elfu, ng'ombe elfu, bata elfu
kwa ajili ya
halafu kweupe.
Upana wa vidole vitatu.
Kwa kweupe hapo ndipo Padiusiri anapokula.

Mto ulipokuwa umefika kwenye ngazi ya tatu
alikuja mwanamke wa wafuma kitani, Tasheri,
na mtungi wa shayiri usiojaa
na bata mmoja mwenye bawa bovu.
Padiusiri akaangalia bata. Akaangalia mtungi.
"Sanamu utapata," alisema. "Jina, hapana. Jina lina bei yake."

"Ana siku tisa," alisema yule mama.
Akajisahihisha, taratibu, kama afumuaye uzi:
"Alikuwa."

"Anaitwaje?" nikauliza, ingawa si kazi yangu kuuliza.
"Hor."

Hor! Jina la ndege mmoja.
Wengine huja na majina marefu kama foleni ya punda,
yanashuka kifuani, yanazunguka kisigino,
na hili ni kozi tu, kasimama, mkia chini, jicho wazi.
"Ni alama moja," nikamwambia Padiusiri.
"Alama moja, nafasi ile ile, bei ile ile."

Sikubishana. Mwenye kisu ndiye mla nyama.
Lakini jioni, alipokwenda kuoga,
niliokota kipande cha mkuyu sakafuni, si kikubwa kuliko kidole gumba,
nikakichonga vibaya, maana mimi si Nesmini,
nikakipaka mgongo kwa buluu ya kijiko kilichobaki
na kukigundisha juu ya kitako, mbele ya miguu ya mungu.
Padiusiri aliporudi nikasema ni Sokari,
kozi alindaye makaburi, matajiri hupenda kumweka hapo.
Ni pambo, nikasema. Mbao ni ya taka.
Alikinusa. Akakiacha.

Asubuhi Tasheri hakutazama maandishi, hasomi.
Aliona ndege.
Akagusa mdomo wake kwa ncha ya kidole,
akanitazama, nami nikageukia vikombe vya rangi
kwa kuwa Padiusiri alikuwa anahesabu.
Hakuibeba kichwani kama wabebavyo wengine.
Aliipakata, shingo ya mungu kwenye kiwiko chake,
akatoka nayo upande wa kivuli.

Wahenga wa mashamba yale husema
kuyu zuri kwa nje, ndani mabuu.
Sijui. Nimepasua mikuyu mingi.

Bata yuko uani. Padiusiri anamnenepesha,
bawa bado linaburuta, na ana kiwaa cha kijani mdomoni
kwa kunywa maji ya brashi zangu.
Nikimtupia makombo humwambia:
huko mwenzio wamo elfu,
kwa mtoto wa siku tisa,
ambaye hajui hata kutafuna.